Mchikichi si shamba la michikichi: kuufafanua mti unaobishaniwa Uganda

Tangu kilimo kikubwa cha michikichi kilipoanzishwa katika kisiwa cha Bugala, wilayani Kalangala, katikati ya miaka ya 2000, na hasa baada ya mpango huo kuelekezwa Buvuma na katika wilaya nyingine za ukanda wa Ziwa Viktoria, mti huu umekuwa ukitajwa karibu kila panapozungumziwa ardhi, misitu au bei ya mafuta ya kupikia. Yanayosemwa juu yake hayapatani. Wapo wanaosema kwamba ni mti wa Malaysia ulioletwa na wawekezaji, na wapo wanaouita adui wa msitu. Wengine huyakataa mafuta yake kwa kuamini kwamba yana kolesteroli, kisha jioni wakakaangia mafuta hayohayo samaki wao bila kujua. Huko Bundibugyo, nako, wapo wazee wanaoshangaa kusikia mti ambao babu zao waliukwea ukiitwa mgeni.

Karibu kila moja ya kauli hizi imebeba ukweli kidogo, lakini ukweli huo umewekwa mahali pasipo pake. Kinachosemwa juu ya shamba kubwa huelekezwa kwa mti, kinachosemwa juu ya mafuta ya kiini huelekezwa kwa mafuta ya tunda, na kinachosemwa juu ya mbegu ya kisasa huelekezwa kwa mchikichi wa porini. Makala haya yanajaribu kurudisha kila neno kwa mwenyewe.

Tuanze na majina. Mchikichi ni mmea wa jamii ya mnazi ambao wataalamu wa mimea huuita Elaeis guineensis. Tunda lake ni chikichi, na machikichi hukua kwa mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu moja, yakiwa yamebanana katika mkungu mmoja wenye miiba. Mafuta mekundu yanayokamuliwa kutoka katika nyama ya tunda ndiyo mawese. Mafuta yanayotoka katika kiini kilichomo ndani ya kokwa ni mengine kabisa, na watu wa Kigoma nchini Tanzania, ambako mti huu ni maarufu, huyaita mafuta ya mise.

Mchikichi una jamaa zake hapa Uganda, na mara nyingi huchanganywa nao. Mkindu, ambao Waganda huuita mukindo, ni ule mwembamba unaoota kwa mashina kadhaa pamoja kandokando ya vinamasi. Majani yake machanga, yaani ensansa, ndiyo yanayosukiwa mikeka tunayoikalia, na ndiyo yanayopeperushwa makanisani siku ya Jumapili ya Matawi. Mwale huota ndani ya kinamasi chenyewe, una majani marefu kupita kiasi yanayotoa nyuzi za kufumia na kufungia, na shina lake huchanua mara moja tu maishani kisha likafa. Mvumo, wenye shina lililovimba katikati, ni wa nyika zenye joto na ukame kuliko msitu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu unaotoa mawese, na anayesema kwamba kijijini kwao michikichi imejaa kinamasini huenda anaisema miwale.

Jambo moja kuhusu maumbile ya mimea hii linapaswa kueleweka mapema, kwa sababu litaeleza mengi yatakayofuata. Mvule au mwembe una tabaka hai chini ya gome linalotengeneza mbao mpya kila mwaka, ndiyo maana shina hunenepa, jeraha huziba, na kisiki huweza kuchipua. Mchikichi hauna tabaka hilo. Ukuaji wake wote umo katika chipukizi moja lililo kileleni, katikati ya taji la majani. Chipukizi hilo likikatwa au likioza, mti mzima umekufa, hata kama shina lina urefu wa mita 20. Kwa sababu hiyohiyo mchikichi hautoi matawi, hauwezi kupandikizwa kama mchungwa, na hauwezi kuzalishwa kwa kukata kipande cha shina na kukichomeka ardhini. Kwa mkulima wa kawaida, njia ni moja tu: mbegu.

Mchikichi hutoa maua ya kiume na ya kike katika mti uleule, lakini katika vichala tofauti na kwa nyakati tofauti. Mti ulio peke yake uani kwa hiyo hukosa chavua wakati unapoihitaji, na mikungu yake huwa na machikichi machache. Wanaobeba chavua kutoka mti hadi mti ni fukusi wadogo wanaoishi katika maua ya kiume. Tutawarudia, kwa sababu wadudu hao wana sehemu katika historia ya mti huu huko Asia.

Tunda lenyewe ni dogo, halizidi sana ukubwa wa kidole gumba, lakini muundo wake ni ule wa embe: nje kuna ganda jembamba, kisha nyama yenye nyuzi, kisha kokwa ngumu, na ndani ya kokwa kuna kiini. Tofauti ni kwamba nyama ya embe imejaa maji na sukari, ilhali nyama ya chikichi imejaa mafuta, na kiini chake nacho kimejaa mafuta ya aina nyingine. Mawese yamegawanyika karibu nusu kwa nusu: nusu ni yale mafuta yenye tabia ya kuganda, ambayo wataalamu wa lishe huyaita mafuta yaliyoshiba, na nusu ni mafuta yanayobaki majimaji. Katika mafuta ya kiini, yaliyoshiba ni zaidi ya asilimia 80, kiasi kinachoyaweka karibu na mafuta ya nazi kuliko mawese. Mtu anayesoma kwamba mafuta ya michikichi yana asilimia 80 ya mafuta yaliyoshiba, na mwingine anayesoma kwamba yana asilimia 50, huenda wote wawili wamesoma sawasawa, ila kila mmoja anazungumzia sehemu yake ya tunda.

Je, ni mti mgeni?

Asili ya mchikichi ni Afrika. Eneo lake la asili huanzia Senegal, hufuata pwani ya Ghuba ya Guinea, huenea katika bonde la Kongo na kufika kwenye ukingo wa mashariki wa bonde hilo. Ukingo huo unaingia Uganda. Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, iliyotangazwa mwaka 1993 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 220, ni mkia wa mashariki wa msitu wa Ituri wa Kongo, uliovuka mto na kuishia chini ya milima ya Rwenzori. Mimea na ndege wengi wa msitu wa Kongo wanaonekana huko na hawaonekani kwingineko nchini. Mchikichi ni mmojawapo wa wenyeji wa bonde hilo, na Waamba na Wabwisi wa Bundibugyo wameujua vizazi na vizazi, kama wanavyoujua jamaa zao walio ng'ambo ya mto Lamia, upande wa Kongo.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja ambayo hata wapenzi wa misitu huwa nayo. Tunapousikia ukiitwa mti wa msitu wa mvua, tunafikiria unasimama katikati ya msitu mnene, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Sivyo. Mche wa mchikichi unahitaji mwanga, na chini ya kivuli kizito hudumaa. Makazi yake ya asili ni kingo za mito, pembe za vinamasi, mahali palipoangukiwa na mti mkubwa, na zaidi ya yote mahali ambapo binadamu alifyeka, akalima, akahama. Katika nchi nyingi za bonde la Kongo, kundi la michikichi mirefu ndani ya msitu ni dalili ya kijiji cha zamani kilichokuwa hapo. Chavua za kale zilizochimbuliwa katika matope ya maziwa ya Afrika ya Kati zinaonyesha kwamba mchikichi uliongezeka sana takriban miaka 2,500 iliyopita, wakati hali ya hewa ilipokauka na misitu ikapata mapengo. Watu waliofyeka hawakuikata michikichi waliyoikuta; waliiacha, na mbegu walizozitupa baada ya kula zikaota.

Kwa sababu hiyo ni vigumu kuchora mstari kati ya mchikichi wa mwitu na mchikichi wa kupandwa. Mingi haikupandwa na mtu kwa makusudi, wala haikuota bila mkono wa mtu. Wanyama nao wana sehemu yao: sokwe hula machikichi, na yupo tumbusi mmoja mweusi na mweupe, anayeonekana pia kandokando ya Ziwa Viktoria, ambaye ameacha desturi ya jamaa zake ya kuishi kwa mizoga na kujilisha zaidi matunda ya michikichi na miwale. Sijui ndege mwingine wa ukoo huo mwenye tabia nzuri kama yake mezani.

Wanaosema mti umetoka Malaysia wanakumbuka nusu ya pili ya safari na kuisahau ya kwanza. Mwaka 1848 miche minne ya michikichi yenye asili ya Afrika ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Kutokana na uzao wa miche hiyo minne ndipo ulipojengwa ukoo wa kike wa mashamba mengi makubwa ya Sumatra na rasi ya Malaysia katika karne iliyofuata. Miti ilistawi, lakini haikuzaa vizuri kwa sababu wale fukusi wachavushaji walibaki Afrika, na kwa miongo mingi wafanyakazi wa mashamba ya Malaysia walilazimika kupaka chavua kwa mikono, ua moja baada ya jingine. Mwaka 1981 fukusi hao walipelekwa kutoka Kamerun, na kazi hiyo ikaisha. Leo Indonesia na Malaysia hutoa sehemu kubwa mno ya mafuta ya michikichi yanayouzwa duniani. Mbegu bora inayorudi kupandwa Afrika kwa hiyo ni mzawa aliyelelewa ugenini. Bugala, kwa upande wake, si Semuliki; katika visiwa vya Ssese mchikichi wa mashamba uliletwa, na anayeuita mgeni wa Kalangala hakosei.

Mti ulivyotumiwa kabla ya kiwanda

Matumizi ya kwanza ni mawese, na utengenezaji wake wa jadi unafanana katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati. Mkweaji hujifunga kitanzi kinachozunguka kiuno chake na shina, akapanda kwa kukisogeza hatua kwa hatua, akakata majani yanayoziba njia kisha mkungu ulioiva. Mkungu huachwa siku chache ili machikichi yaachie kwa urahisi. Huchambuliwa, huchemshwa mpaka nyama ilainike, hutwangwa kinuni bila kuvunja kokwa, kisha rojo linalopatikana huoshwa na kukandwa katika maji. Mafuta huelea, hutekwa, na hupikwa tena ili maji yote yaishe. Kazi hii huchukua muda mwingi, maji mengi na kuni nyingi, na kwa kawaida sehemu ya kupanda ni ya wanaume, ile ya kukamua ni ya wanawake.

Kuna sababu ya kuchemsha mapema ambayo akina mama waliijua kwa uzoefu kabla ya kuelezwa na maabara. Nyama ya chikichi ina kimeng'enya ambacho, mara tu tunda linapopondeka, huanza kuyavunja mafuta na kuyafanya yawe makali kooni. Moto hukiua. Mawese ya jadi yaliyotokana na machikichi yaliyokaa muda mrefu huwa na ule ukali unaokwaruza, na wapo wanaoupenda, lakini kiwanda hakiwezi kuuvumilia. Hiyo pia ndiyo sababu shamba kubwa la michikichi haliwezi kuwa mbali na kiwanda: mkungu uliokatwa unapaswa kufika kwenye mvuke ndani ya saa 24 hivi, na kwa kisiwa kama Bugala maana yake ni kwamba kiwanda lazima kiwe kisiwani hapohapo, na barabara zipitike hata wakati wa masika.

Jikoni, mawese hayatumiwi kama mafuta mengine. Si kitu cha kukaangia tu. Ni kiungo chenye ladha na rangi yake. Sombe, yaani majani ya mhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa muda mrefu, ndiyo mwenzi wake wa siku zote Bundibugyo na mashariki mwa Kongo, na kwa maoni yangu sombe isiyo na mawese ni majani tu. Maharage, samaki wa kukaushwa na ndizi navyo hupikwa nayo. Rangi yake nyekundu hutokana na karotini, ileile iliyomo kwenye karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa watoto wanaoishi kwa wanga mwingi na mboga chache, kijiko cha mawese mekundu kina faida ambayo mafuta meupe hayana. Faida hiyo hupotea mtu anapoyaunguza sufuriani mpaka rangi ififie, desturi ambayo baadhi ya wapishi wanaipenda kwa sababu huondoa harufu.

Kokwa zinazobaki hazitupwi. Huanikwa, huvunjwa juu ya jiwe, na kiini hukaangwa na kukamuliwa kupata mafuta ya kujipaka mwilini na kwenye nywele. Uvunjaji huo si wa binadamu peke yake: sokwe wa Bossou, nchini Guinea, wameonekana kwa miongo kadhaa wakiweka kokwa juu ya jiwe moja na kuipiga kwa jingine. Maganda ya kokwa huwaka kwa moto mkali na hupendwa na wahunzi.

Mkungu mtupu nao una kazi. Ukikaushwa na kuchomwa, majivu yake huwa na potasiamu nyingi. Yakichujwa kwa maji hutoa magadi ya maji ambayo, yakipikwa pamoja na mawese, hutengeneza sabuni laini nyeusi. Sabuni za viwandani zenye mafuta ya michikichi, ambazo karibu kila nyumba ya Kampala inazo, zinafuata kanuni hiyohiyo ya kukutanisha mafuta na magadi, ingawa magadi yake ni ya aina nyingine na ndiyo maana hutoka katika vipande vigumu.

Kisha kuna tembo, yaani kinywaji cha utomvu wa mti. Mchikichi una utomvu mtamu unaoelekea kwenye maua na kileleni, na mgema huukinga kabla haujafika. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata kichala cha ua la kiume mti ukiwa umesimama, na kutundika kibuyu chini ya jeraha. Mti huendelea kuishi na kugemwa tena. Ya pili ni kuuangusha mti mzima, kuchimba shimo karibu na chipukizi, na kuukamua kwa wiki kadhaa mpaka ukauke. Njia ya pili hutoa tembo jingi kwa haraka, lakini kwa yale niliyoeleza juu ya chipukizi moja, huo ndio mwisho wa mti. Hali ni hiyohiyo kwa wanaokula moyo wa mchikichi, ile sehemu nyeupe na laini ya kilele: mlo mmoja, mti mmoja. Utomvu ukitoka huwa na sukari tupu, lakini hamira iliyomo hewani na katika kibuyu huanza kazi papo hapo. Asubuhi ni kinywaji cha mtoto, jioni ni pombe, na baada ya siku mbili au tatu ni siki. Hakuna anayeweza kukiweka kwa muda mrefu, na ndiyo sababu tembo la mchikichi halikuwahi kuwa bidhaa ya kusafiri mbali kama yalivyo mawese.

Mti ulioangushwa una mgeni wake. Fukusi mkubwa, si yule mdogo anayechavusha, hutaga mayai katika shina linalooza, na mabuu yake manene hutolewa, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kuliwa. Katika masoko mengi ya Kongo bei yake hupita ya nyama. Kwa mwenye shamba mdudu huyo ni msiba, maana hushambulia pia michikichi hai yenye majeraha.

Majani nitayapitia haraka: huezekea vibanda, ingawa hayadumu kama ya mwale, mashina ya majani hujengea uzio, nyuti za vijani hufungwa kuwa mafagio ya chelewa, na ile sufi kavu iliyo kwenye vikonyo hushika moto upesi.

Katika tiba, mawese hutumiwa kukanda viungo, kulainisha ngozi ya mtoto na kuchanganyia dawa za mitishamba. Lakini ipo desturi moja inayopaswa kuachwa, nayo ni kumnywesha mawese mtu aliyekula sumu au mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. Mawese hayaondoi sumu tumboni. Kwa aliyekunywa mafuta ya taa, chochote kinachomfanya atapike huweza kuyapeleka mafuta hayo kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Anayestahili kumwona ni mhudumu wa afya, na mapema.

Mafuta ya dukani

Mtu aliyezoea mawese mekundu ya Bundibugyo, au yale yanayovushwa kutoka Kongo, huenda asiamini kwamba mafuta ya dukani yenye rangi ya dhahabu yaliyo katika chupa na jerikeni mara nyingi hutoka katika tunda hilohilo. Kiwandani mafuta husafishwa, huondolewa rangi na huondolewa harufu; karotini huondoka pamoja na rangi. Kisha hupozwa polepole ili ile sehemu inayoganda itengwe, itumike katika siagi ya mimea na sabuni, na sehemu ya majimaji ndiyo inayouzwa ya kupikia. Utenganishaji huo haukamiliki kabisa, na hapo ndipo linapozuka lalamiko la wakazi wa Kabale kwamba wameuziwa mafuta ya bandia kwa kuwa asubuhi wameyakuta yamepoteza uangavu kama yenye ukungu wa alfajiri, au yameganda chini ya chupa. Mafuta ya michikichi yaliyo maangavu kwenye joto la Kampala huanza kupoteza uangavu yanapokaribia nyuzi 10 za Selsiasi, na baridi ya alfajiri ya Kabale hufika huko. Yakiwekwa juani hurudi kama yalivyokuwa. Kuganda huko peke yake si ushahidi wa udanganyifu.

Kuhusu kolesteroli, maandishi kwenye chupa yanayosema kwamba mafuta hayana kolesteroli ni ya kweli, na hayamsaidii sana mnunuzi. Mimea karibu yote haina kolesteroli ya kutajika. Ni kitu cha wanyama. Kilicho muhimu ni kwamba mafuta yaliyoshiba, ya mmea au ya ng'ombe, huusukuma mwili kuongeza kolesteroli mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku. Mawese yana mafuta yaliyoshiba zaidi ya alizeti na pungufu ya siagi au nazi. Mkulima wa Bundibugyo anayetia vijiko viwili katika sombe ya familia nzima na mfanyakazi wa ofisini anayekula chapati, chipsi na biskuti kila siku hawamo katika hatari moja, ingawa wote wanakula mchikichi.

Mti na shamba

Sasa tufike kwenye lile linalowagombanisha watu zaidi, yaani msitu. Mchikichi kama mti hauna uadui na msitu. Tumeona kwamba umeishi pembezoni mwake kwa maelfu ya miaka. Kinachomaliza msitu ni kuufyeka ili kupanda mchikichi peke yake, mstari kwa mstari, kwa maelfu ya hekta. Mpango wa Bugala ulikuwa wa hekta 10,000 hivi, 6,500 za kampuni na 3,500 za wakulima wadogo, katika kisiwa kilichokuwa na misitu ya asili na mbuga za nyasi. Sehemu ya misitu hiyo ilikatwa, na madai ya ardhi kati ya wakazi na wawekezaji yalifuata. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinataka ukanda wa mita 200 kutoka ufukwe wa Ziwa Viktoria uachwe, na mabishano mengi ya Kalangala yamehusu ukanda huo.

Wanaotetea kilimo hiki nao wana hoja isiyopuuzwa. Hekta moja ya michikichi hutoa kwa wastani tani tatu hadi nne za mafuta kwa mwaka. Soya hutoa takriban nusu tani au pungufu. Nchi inayotaka kupunguza mafuta inayoagiza kutoka nje italazimika kulima mahali fulani, na ikichagua zao lenye mavuno madogo itahitaji ardhi kubwa zaidi. Wakulima wadogo wa Bugala wamepata kipato cha kila mwezi ambacho uvuvi, kwa jinsi samaki walivyopungua, haukuweza kuwahakikishia. Lakini hoja ya mavuno inajibu swali la zao gani, haijibu swali la wapi. Shamba lililowekwa juu ya ardhi iliyokwisha kulimwa na lile lililowekwa juu ya msitu yana mavuno yaleyale na gharama tofauti kabisa.

Historia ya Kongo inaonyesha jinsi mti mmoja unavyoweza kubeba maisha mawili. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mwenye viwanda vya sabuni, alipewa na serikali ya Ubelgiji haki ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa ya koloni hilo. Wengi wa watu waliokuwa wakikwea michikichi hiyo kwa ajili ya chungu chao walianza kuikwea kwa shuruti ili kufikisha idadi ya mikungu iliyotakiwa, na uchungu wa shuruti hiyo ulikuwa mojawapo ya sababu za uasi wa watu wa kabila la Wapende mwaka 1931. Michikichi ilikuwa ileile, mingi ikiwa haijapandwa na kampuni yoyote.

Limebaki suala la mbegu, ambalo huwagharimu wakulima kuliko yote. Unene wa kokwa ya chikichi hurithiwa kwa namna iliyo wazi sana, na ilifafanuliwa na watafiti wa Yangambi, katika Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1941. Kuna mchikichi wenye kokwa nene na nyama kidogo. Huo ndio wa porini, na wataalamu huuita dura. Kuna usio na kokwa ya kutajika, pisifera, ambao kwa kawaida hauzai mikungu ya maana. Ukiwakutanisha hao wawili, watoto wote huwa wa kati: kokwa nyembamba, nyama nyingi, mafuta mengi zaidi. Hao wa kati, tenera, ndio wanaopandwa Kalangala. Sasa mkulima wa Masaka au Mayuge anayeokota machikichi chini ya mti bora wa Bugala na kuyasia anadhani atapata mti kama ule. Tenera wakizaana wenyewe, robo ya watoto hurudi kuwa wa kokwa nene, robo huwa wale wasiozaa, na nusu tu ndio hubaki wa kati. Atayajua hayo baada ya miaka mitatu au minne, matunda ya kwanza yatakapotoka, wakati shamba limekwisha kula ardhi, mbolea na palizi.

Anayetaka kujua mti alio nao ni wa aina gani hahitaji maabara. Akate chikichi lililoiva kwa upana, kwa panga kali au kwa kulipasua juu ya gogo. Akikuta kokwa nyembamba iliyozungukwa na duara la vidoadoa vyeusi vya nyuzi ndani ya nyama, huo ni wa kati. Akikuta kokwa nene na nyama kidogo isiyo na duara hilo, ni wa porini au mzao wake, ambao utampa mafuta machache, lakini kiini chake huwa kikubwa na hutoa mise ya kutosha, nao huishi bila mbolea wala dawa. Kwa nyumba inayohitaji mawese ya kupikia, mafagio na sabuni, miti miwili au mitatu ya aina hiyo iliyoachwa kati ya mikakao, kama ilivyo desturi Bundibugyo, haihitaji kung'olewa ili kupisha mbegu ya kununua.